Saiprasi, Mtarakwa na Ukoo Unaowaunganisha

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Tembea Karen au Runda, mitaa ya Nairobi, utakutana na nyua za miti ya saiprasi zilizokatwa zikanyooka. Ingia msitu wa Karura, imo pia. Lakini asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Ililetwa kwetu mwanzoni mwa karne ya 20, ikapendwa kwa kukua upesi.

Mti wetu wa asili katika ukoo wa saiprasi ni mtarakwa, unaomea kuanzia Bara Arabu hadi Zimbabwe. Hapa Kenya umeota Aberdare, Mau na miteremko ya Mlima Kenya, na huweza kufika mita 40. Kiini chake chekundu kinanukia, na mchwa hawakiwezi. Ndiyo maana wafugaji waliutafuta kwa nguzo za boma. Wakoloni waliukata pia kwa ajili ya penseli. Tuliukata kuliko tulivyoupanda, na hilo linaniuma.

Okoteni matunda muone tofauti. La saiprasi ni gumu na la mviringo. Likikauka hupasuka na kumwaga mbegu. La mtarakwa ni dogo, la samawati inayokaribia weusi. Ndege hulila, mbegu zikaenda kuangukia mbali. Wanabotania huyaita yote mawili koni, yaani vibeba mbegu vyenye magamba, kwani nyama ya tunda la mtarakwa ni magamba yaliyoungana.

Undugu huu una hatari yake. Mwaka 1986 vidukari vya saiprasi, wadudu wadogo sana, vilionekana Malawi. Kufikia 1990 vilikuwa Kenya. Vilifyonza utomvu, matawi yakawa ya kahawia kana kwamba yamepitiwa na moto, na miti mingi ikafa. Havikuishia kwenye saiprasi za kupandwa. Viliingia kwenye mtarakwa, na kule Malawi vikaushambulia mwerezi wa Mulanje, mti wa taifa lile. Nyigu mdogo anayetaga mayai ndani ya kidukari akaletwa kusaidia. Kwa hiyo ua wako ukianza kukauka, usidhani ni shida ya kwako peke yako.

Mkipogoa, msikate hadi kwenye tawi lisilo na majani: saiprasi haichipui hapo, pengo hubaki. Na mwenye nafasi apande mtarakwa, penye jua, maana kivuli haukitaki. Apande kadhaa. Mitarakwa mingi huwa ama ya kiume ama ya kike, na mmoja ukikaa peke yake hautatoa mbegu za kuotesha.