Biti Moja Dhidi ya Ishirini na Nne: Vipaumbele vya Ishara za Udhibiti Kutoka Simu Kwenda Mnarani

Ndugu zangu, habari za mchana. Tutakaa na sloti moja tu, yaani kipande kimoja cha muda wa kutuma, maana ugomvi wote uko humo.

Kwenye 5G ambayo mawimbi yake madogo yameachana kwa kHz 30, sloti ni nusu milisekunde. Ina simboli 14, yaani vipande vidogo vya muda, za namba 0 hadi 13, na kila moja ni kama mikrosekunde 36. Simu imepangiwa PUCCH, chaneli ya udhibiti ya kupanda mnarani, fomati 3, iliyochukua simboli zote 14. Imebeba biti 24 za HARQ-ACK: majibu ya "nimepata" au "sijapata" kwa vipande 24 vya video. Kifaa hichohicho kinaendesha pia kreni kwa mbali. Amri ya kreni ilishuka sloti iliyotangulia, na jibu lake, biti moja tu, limepangwa simboli ya 10 na 11 kwa fomati 0. Nani apite?

Mtu atauliza, kwa nini visipite vyote? Kwa sababu kwenye mbebaji mmoja simu ina kikuza nguvu kimoja, kwa kawaida cha dBm 23. Ukikipa vipande viwili vya masafa kwa pamoja, vilele vya wimbi hupanda, nguvu huchafua masafa ya jirani, na simu hulazimika kujipunguza. Aliye pembezoni mwa seli ndiye anayeumia kwanza.

Toleo la 15 la viwango vya 3GPP, la kwanza la 5G, halikujua kreni wala video. Lilijua aina ya ishara tu: HARQ-ACK, ombi la kupangiwa nafasi (SR) na taarifa ya hali ya chaneli (CSI). Zikigongana na muda ukiruhusu, zinatiwa kapu moja. Jibu la kreni linakuwa biti ya 25, limefungwa pamoja na video kwa kodi ileile (usimbaji unaolinda biti njiani) na uimara uleule. Kapu likiharibika, yote yameharibika.

Toleo la 16, la mwaka 2020, likaleta ngazi mbili: 0 ya chini na 1 ya juu. Ngazi inatoka kwenye biti ya kipaumbele ndani ya amri ya DCI 1_1 au 1_2 (ujumbe wa mnara unaoipangia simu data ya kushuka), kama mtandao umeiwasha. Ya SR imeandikwa kwenye usanidi wake. Hapa watu hujikwaa: DCI 1_0 haina biti hiyo, kwa hiyo data ya kreni ikipangwa kwa 1_0, jibu lake linahesabiwa 0 na linaishia kwenye kapu la video. CSI inayopita PUCCH ni 0 siku zote.

Sasa utaratibu, na huu ndio wa kushika. Kwanza simu inamaliza migongano ndani ya kila ngazi, peke yake. Baada ya hapo ndipo inatazama ngazi ya 1 dhidi ya 0, na cha chini kinakatwa, kabla au ifikapo simboli ya kwanza ya mgongano. Kwenye sloti yetu ni simboli ya 10. Simu ina ruhusa ya kukata mapema zaidi, kwa hiyo mnara usitegemee simboli 0 hadi 9 kuwa salama. Kukata nako kunahitaji muda wa maandalizi: simboli 12 kwa simu ya uwezo wa kawaida kwenye kHz 30, tano na nusu kwa ile ya haraka, na nyongeza ya hadi 2 kulingana na uwezo wake.

Utaratibu huo una mtego. Chukua HARQ-ACK ya video kwenye PUCCH fupi, simboli 0 na 1, isiyomgusa mtu. Inagongana na PUSCH, chaneli ya data, ya ngazi ya 0. Hatua ya kwanza inazihamisha biti zake ndani ya PUSCH. Kisha PUSCH inakutana na jibu la kreni simboli ya 10 na inakatwa, pamoja na abiria wake. Biti ambazo zingefika salama zimekufa kwa sababu zilipewa lifti.

Na gharama? Biti 24 zikipotea, mnara uliokosa mpango wa kuziomba tena unarudia vipande 24, hata vile vilivyofika vizima. Kwa maoni yangu hili ndilo deni kubwa la Toleo la 16: kukata ni rahisi kuandika kwenye kanuni, bili inalipwa upande wa kushuka.

Toleo la 17 lililipunguza kwa njia mbili. Ya kwanza, HARQ-ACK za ngazi mbili zinaruhusiwa kusafiri chaneli moja, kila kundi likiwa na kodi yake. Kutenganisha huko si urembo. Simu ikikosa amri moja ya video, hesabu ya biti za chini inatofautiana na ya mnara; kodi ingekuwa moja, jibu la kreni nalo lisingesomeka. Ya pili, mnara unaweza kuagiza kodibuku (kundi zima la majibu ya HARQ-ACK) iliyokatwa itumwe upya. Kabla ya hapo kulikuwa na kodibuku ya aina ya 3, inayotaja michakato yote ya HARQ (foleni sambamba za kutuma na kurudia vipande), lakini michakato 16 kwa kila mbebaji ni mzigo mzito kuulizia jibu dogo.

Jambo la mwisho ni la wanaoandika programu za mnara. Mgongano wa HARQ-ACK mbili mnara unaujua, maana ndio ulioupanga. SR ya ngazi ya 1 ni tofauti: simu inaamua yenyewe, na mnara unagundua baadaye. Kwa hiyo soma kwanza nafasi ya SR. Ukikuta nguvu pale, PUCCH ya video iliyogongana nayo imekatwa; iandike "imekatwa", wala usiihesabu kama NACK, yaani "sijapata". Ukiihesabu, kitanzi kinachorekebisha kasi kitashusha MCS (kiwango cha usimbaji kinachoamua kasi) ya mtumiaji mwenye chaneli safi kabisa, na fundi atapoteza wiki nzima akikagua antena isiyo na kosa.