Kompyuta ya Injini Isidanganywe: Mhadhara kuhusu Kuchagua Programu kwa Magari ya Turbo ya Kijerumani

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Swali ninaloulizwa na wenye magari ya Kijerumani yenye turbo kuliko swali lingine lolote ni hili: programu gani inaongeza nguvu farasi nyingi zaidi? Huwa silijibu, kwa sababu karibu kila muuzaji anaweza kutoa idadi ya kuvutia kwa kupandisha tu presha ya turbo, na turbo yenyewe haibishi mpaka siku inapokufa. Ninalotaka kulitetea leo ni kwamba kipo kigezo kinachotangulia idadi ya farasi, nacho ni kama programu hiyo inaiambia kompyuta ya injini ukweli.

Ili kigezo hicho kieleweke, hatuna budi kuchungulia ndani ya kompyuta yenyewe. Zamani mguu wa dereva ulivuta waya, na waya ukafungua kilango cha hewa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, Bosch ilipoleta kizazi cha ME7 kilichotumiwa na Audi na Volkswagen, pedali haifungui kitu, inaomba. Kompyuta hulitafsiri ombi hilo kuwa kiasi cha toki, yaani nguvu ya kuzungusha inayopimwa kwa Nm, kisha hulipitisha katika msururu wa mipaka: mpaka wa joto, wa gia, wa kuteleza kwa magurudumu, wa kulinda turbo. Kinachobaki baada ya mipaka hiyo ndicho kinachogeuzwa kuwa presha, kiasi cha petroli na nyuzi za kuwasha cheche. Wakati huohuo, sehemu nyingine ya kompyuta hukokotoa toki inayozalishwa kweli na kuilinganisha na ile iliyoruhusiwa, mithili ya mkaguzi anayepitia vitabu vya mhasibu. Hesabu zikipishana kupita kiasi, mkaguzi hukifunga kilango cha hewa, na dereva husema gari "limekata".

Mtunzi mvivu wa programu anajua njia ya mkato: anapandisha presha, kisha anaiweka mipaka yote juu kabisa ili mkaguzi asione kitu. Mtunzi makini hurekebisha majedwali yenyewe, ili injini inapotoa Nm 420, kompyuta nayo iandike 420. Magari yote mawili yanaweza kutoa nguvu ileile kwenye mashine ya kupimia, ila moja limeachwa bila mlinzi.

Hapo ndipo naliona tatizo la visanduku vya pembeni, vile vinavyochomekwa kwenye waya wa sensa ya presha. Kisanduku huipokea ishara ya sensa, huipunguza, na kompyuta inayodhani presha ni ndogo huiongeza. Huko ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Nakiri kwamba baadhi ya visanduku vya kisasa, JB4 kinachotumiwa kwenye magari ya BMW kikiwa kimojawapo, husoma mtandao wa gari na vina kinga zao, na kwa gari ambalo kompyuta yake haifunguki vinaweza kuwa ndiyo njia pekee. Hata hivyo, mimi huviweka mwisho wa orodha.

Uongo huo hauishii kwenye injini. Gia boksi otomatiki hupokea kutoka kwenye kompyuta ya injini tarakimu ya toki, na kwa tarakimu hiyo huamua ibane klachi kwa presha gani. Tazameni Golf 7 GTI: injini yake ya EA888 ilitoka kiwandani na Nm 350, na gia boksi ya DSG aina ya DQ250, iliyofungwa kwenye mengi ya magari hayo, ilibuniwa kwa kiwango hichohicho cha Nm 350. Ukiisukuma injini hadi Nm 450 huku gia boksi ikiambiwa ni 350, klachi zitateleza taratibu, zitapata joto, na mwenye gari ataambiwa kwamba DSG ni mbovu. Kwa hiyo, anayekuuzia faili ya injini, yaani programu yenyewe, bila kukuuliza habari ya faili ya gia boksi amekwisha kukueleza kiasi cha umakini wake.

Kosa la pili ninaloliona mara nyingi linahusu petroli, nalo linatokana na namba tu. Faili nyingi hutungwa Marekani na kupewa majina ya 91 au 93. Namba hizo ni oktani, yaani uwezo wa petroli wa kustahimili mgandamizo bila kulipuka ovyo. Sasa, oktani ya Marekani huhesabiwa kwa wastani wa vipimo viwili, ilhali sehemu nyingi nyingine za dunia hutumia kimoja tu kati ya vipimo hivyo, RON, ambacho namba zake ni kubwa zaidi. Petroli ya 93 ya Marekani inakaribia RON 98. Mtu mwenye petroli ya RON 95 huiona faili ya 93, akadhani ana akiba ya namba mbili, kumbe amepungukiwa na tatu. Injini huanza kugonga, yaani petroli hulipuka ovyo ndani ya silinda, kompyuta hurudisha nyuma cheche, yaani huichelewesha, na nguvu aliyoilipia hupotea palepale.

Kuhusu majina sitakaa sana. Kwa BMW, MHD na bootmod3 humwezesha mwenye gari kuweka faili mwenyewe kwa simu au kompyuta ndogo; kwa jamii ya Volkswagen na Audi, APR na Unitronic huuza faili zilizokwisha kutungwa; na karakana zinazotunga faili za gari moja moja hutumia zana kama WinOLS. Faili iliyo tayari inatosha kwa gari ambalo halijabadilishwa vipuri. Ukibadilisha turbo au pampu ya mafuta, tafuta mtu wa kulitungia gari lako. Fahamuni pia kwamba kuanzia katikati ya 2020 BMW ilianza kuzifunga kompyuta zake kwa ulinzi mkali zaidi, kwa hiyo tarehe ya kutengenezwa kwa gari iangaliwe kabla ya kulipa. Dhamana nayo ina hatari: kundi la Volkswagen hulitia gari lililogunduliwa kuwa na programu iliyobadilishwa alama ya TD1, inayoweza kulinyima dhamana. Nchini Ujerumani kwenyewe, badiliko la namna hii lisiloidhinishwa linaweza kulifutia gari ruhusa ya kutembea barabarani.

Nimalizie kwa jambo lililonifundisha zaidi ya maelezo yote haya, nalo ni rekodi ya safari, yaani vipimo vya kompyuta ya injini vinavyohifadhiwa gari likiwa linatembea. Niliwahi kununua faili kwa mtunzi mmoja, ambaye sitamtaja, na gari lilikwenda kwa kasi ya kufurahisha. Baada ya wiki mbili nilirekodi mvuto mmoja wa gia ya tatu, kanyagio likiwa chini kabisa kutoka mizunguko 2,500 hadi 6,500. Silinda ya kwanza, ya pili na ya nne zilikuwa zimetulia kwenye sifuri, yaani cheche zake hazikurudishwa nyuma hata kidogo. Silinda ya tatu ilirudishwa nyuma nyuzi 3 ilipofika mizunguko 4,200, kisha 4.5, na haikurudi tena hadi mwisho. Presha ya reli ya mafuta, yaani bomba linalogawa petroli kwa silinda, iliyoombwa ilikuwa bar 200. Iliyopatikana ilishuka hadi 150. Nilimtumia mtunzi rekodi hiyo, akajibu kwa mstari mmoja kwamba niweke petroli nzuri zaidi.

Mtunzi wa pili aliomba kwanza rekodi ya gari likiwa na faili ya kiwandani, ambayo kwa bahati nilikuwa nimeihifadhi. Akauliza plagi zina umri gani na nafasi ya cheche ni kiasi gani. Aliporudisha faili, presha ya turbo ilikuwa imepungua kwa bar 0.15 katikati ya mizunguko, na nguvu ya kilele ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwanza. Nilirudia mvuto uleule: silinda zote nne zilikaa kwenye sifuri, isipokuwa ya tatu iliyogusa nyuzi 0.8 mara moja, ikarudi.