Saa ya Kwanza ni ya Nani? Kugawana uwanja katika polo ya baiskeli

(Mhadhara uliotolewa London mbele ya wasimamizi wa timu za ridhaa za Waafrika Mashariki)

Wazee wangu shikamooni. Dada na kaka zangu, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie jambo linalozisumbua klabu zetu zote: muda wa mazoezi ni mchache, wanaojua wanautaka, wasiojua nao wanautaka. Wengi humu mnasimamia timu za soka na netiboli. Mchezo wangu mimi ni polo ya baiskeli, na naona kwenye nyuso za baadhi yenu kwamba jina lenyewe ni geni. Basi twende kwanza uwanjani, maana asiyeuona uwanja wetu hataelewa kwa nini tunazihesabu dakika kama mpishi anavyohesabu sahani za pilau pale wageni wanapozidi idadi aliyoambiwa.

Tunacheza kwenye uwanja wa tenisi au wa mpira wa kikapu, wa lami au zege, wenye uzio pande zote. Kila upande kuna goli dogo. Ni watatu kwa watatu, kila mmoja juu ya baiskeli yake. Mkono mmoja umeshika usukani na breki, mwingine umeshika fimbo nyepesi ya aluminiamu yenye kichwa cha plastiki ngumu, ambacho wengi walikuwa wakikikata wenyewe kutoka kwenye bomba. Mpira ni ule mdogo wa hoki ya mtaani. Goli halihesabiwi ila umepiga kwa ncha ya kichwa cha fimbo. Ukiusukumia ndani kwa ubavu, hupati kitu. Na iko sheria moja iliyobeba mchezo mzima: ukigusa chini kwa mguu, huruhusiwi kugusa mpira mpaka uende katikati ya uwanja, pembeni, ugonge kwa fimbo mahali palipowekwa, ndipo urudi mchezoni.

Sheria hiyo kwa mzoefu ni adhabu ndogo. Kwa anayeanza ndiyo mechi yenyewe.

Jumatano moja ya Novemba alikuja dada mmoja, mara yake ya kwanza. Tulimpa baiskeli ya klabu, tukamshushia kiti, tukamwonyesha namna ya kushika fimbo, kisha tukamwingiza kwenye mechi inayofuata, kwa sababu ndivyo tulivyoingizwa sisi sote. Mpira ukamjia polepole. Akautazama mpira, akausahau usukani, gurudumu la mbele likakata kushoto, mguu ukashuka chini. Akaenda uzioni, akagonga. Alipogeuka, wenzake watano walikuwa upande wa pili na goli limeshafungwa. Nilikuwa nimekaa nje nasubiri zamu, nikamhesabia. Kwa dakika kumi na mbili aligusa mpira mara tatu, na uzioni alikwenda mara tisa. Mwisho akasema asanteni, nimefurahi sana. Hatukumwona tena.

Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemsema vibaya. Hilo ndilo ninalotaka mlione vizuri, wasimamizi wenzangu. Mzoefu akikosa mazoezi mazuri analalamika, anaandika ujumbe mrefu kwenye kundi la WhatsApp, anampigia simu mwenyekiti. Anayeanza akikosa, anakushukuru na kwenda zake. Kwa hiyo klabu inayogawa muda kwa kusikiliza malalamiko itampa mzoefu kila kitu, na viongozi wake watalala usingizi mzuri wakiamini wametenda haki.

Sasa tupige hesabu, na kila mmoja wenu anaweza kuipiga kwa mchezo wake. Tuna uwanja mmoja, Jumatano, saa kumi na mbili jioni mpaka saa tatu usiku. Hizo ni dakika 180. Wakija watu kumi na wanane, wanaocheza kwa wakati mmoja ni sita, kumi na wawili wamekaa. Mechi ya dakika kumi na mbili, pamoja na dakika tatu za kubadilishana, inakula robo saa. Basi usiku mzima ni mechi kumi na mbili, na kila mtu anacheza nne tu. Dakika 48 kati ya 180. Hapo tumegawa sawasawa kabisa, hakuna aliyependelewa, na bado yule dada angepata dakika 48 za kwenda uzioni. Ndiyo maana mtu akiniambia "sisi tunagawa sawa", namuuliza: sawa ya nini? Ya dakika au ya mpira?

Nirudi nyuma kidogo, maana tatizo hili halikuwepo tangu mwanzo. Polo ya baiskeli ilianzia Ireland mwaka 1891, ikichezwa kwenye nyasi, na Richard Mecredy, bingwa wa mbio za baiskeli aliyekuwa amestaafu mbio, ndiye aliyeibuni. Mwaka 1908 ilionyeshwa hapahapa London kwenye Olimpiki, Ireland ikaifunga Ujerumani. Lakini huu wetu wa uwanja mgumu umezaliwa Seattle, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990, na waliouzaa ni matarishi wa baiskeli, vijana waliokuwa wakibeba barua na vifurushi mjini. Kazi ikipoa walicheza. Hawakuwa na timu, walikuwa na wenzao waliofika siku hiyo. Kutoka mazingira kama hayo tumerithi desturi ninayoipenda kuliko zote katika mchezo huu: kila mtu anaweka fimbo yake katikati ya uwanja, zinakuwa rundo moja, kisha mtu mmoja anazichukua bila kuchagua na kuzitupa moja huku, moja kule. Fimbo tatu zilizoangukia kushoto ni timu, tatu za kulia ni timu. Gwiji anajikuta na mtu aliyejifunza jana. Nani abaki wa mwisho kuchaguliwa, kama tulivyokuwa tukiachwa kwenye chandimu? Hayupo, kwa sababu fimbo haina uso.

Kisha yakaja mashindano. Ya dunia yalichezwa Philadelphia mwaka 2009, Berlin 2010, Seattle 2011, Geneva 2012. Huko hawarushi fimbo. Wanakwenda watatu wanaojuana, ambao mmoja akigeuza bega mwenzake anajua pasi inakwenda wapi, na kujuana huko hakupatikani kwa bahati ya rundo, kunatafutwa kwa kucheza pamoja wiki baada ya wiki. Hapo ndipo uwanja mmoja ulipoanza kudaiwa na watu wawili, kila mmoja na dai la kweli. Nasema la kweli kwa makusudi. Wapo wanaomwona mzoefu anayetaka mechi kali kuwa ni mtu wa kujidai. Mimi sikubali. Mtu aliyeutumikia mchezo miaka sita ana haki ya kucheza kwa kasi yake yote mahali fulani katika wiki yake. Na kuna usalama pia: kwenye mechi ya kasi miili inagusana, baiskeli zinagusana, na asiyejua kuvunja mwendo kwa breki moja anaweza kujiumiza au kumvunja mwenzake kifundo cha mkono.

Klabu yetu ilijaribu kwanza kutenganisha siku. Wazoefu Jumatano, wanaoanza Jumapili asubuhi. Kwenye karatasi ilipendeza. Jumapili ya nne walifika watu watano na hakuna hata mmoja aliyejua kukaza kichwa cha fimbo kilicholegea. Wakapiga mpira nusu saa, wakaenda kunywa chai. Mchezo huu haufundishiki kwa maneno. Unajifunza kugeuka kwa kumfuata mtu anayejua kugeuka, ukiwa mita mbili nyuma ya gurudumu lake. Ukiwatenga wanaoanza peke yao, unawapa muda na kuwanyima mwalimu. Kufikia masika Jumapili ilikuwa imekufa.

Tukachanganya wote, fimbo kwenye rundo usiku mzima. Wazoefu wanne wakahamia uwanja mwingine kimyakimya, na tukawakosa waliokuwa wakituletea magoli kwenye gari lao.

Jibu nililipata kwenye kumbukumbu ya utotoni. Nimekulia Tanga, na mnaoijua Tanga mnajua ni mji wa baiskeli. Mtaani kwetu kulikuwa na mzee fundi aliyekodisha baiskeli kwa watoto, nusu saa nusu saa, majina kwenye daftari. Kaka zetu wakubwa walikuwa wakichanga hela na kuichukua baiskeli asubuhi nzima, sisi wadogo tunakimbia nyuma tumeshika keria. Mzee akabadilisha utaratibu. Zamu ya kwanza ya asubuhi, barabara ikiwa bado tupu, ni ya asiyejua. Na mkubwa hakodishiwi mpaka kwanza amshikie mdogo kiti. Nimejifunza baiskeli namna hiyo, mkono wa kaka yangu mgongoni kwangu, huku akiitazama saa ya mzee kwa hamu ya zamu yake.

Mzee yule hakuwaongezea wadogo dakika hata moja. Aliwapa saa ya kwanza, na akawafunga wakubwa kwenye saa hiyo. Klabu nyingi zinafanya kinyume: wazoefu wanacheza kwanza wakiwa na nguvu, halafu saa ya mwisho, giza limeingia, mikono ina baridi, wawili watatu wameshaondoka, wanasema haya sasa, wanaoanza karibuni. Hayo ni makombo.

Siku hizi saa kumi na mbili mpaka saa moja uwanja wetu ni wa wanaoanza, na wazoefu wanatakiwa wawepo. Kila timu ya watatu ina mzoefu mmoja. Mzoefu haruhusiwi kufunga, kazi yake ni pasi na kukaa golini. Kugongana hakuna. Mguu ukishuka chini, anayeanza anagonga uzio ulio karibu naye, popote alipo, badala ya kusafiri hadi katikati. Badiliko hili dogo ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko yote, maana sasa mtu anakosea na bado yumo mchezoni. Saa moja mpaka saa mbili tunarusha fimbo, wote, sheria kamili. Saa mbili mpaka saa tatu ni ya kasi, timu zilizopangwa, na anayeanza akitaka anabaki kutazama. Wengi wanabaki. Asiyekuja saa kumi na mbili bila udhuru hachezi saa mbili. Kanuni hiyo ilipigiwa kelele, nikiri, mpaka wazoefu wakagundua kwamba kucheza bila kufunga kumewafundisha kutoa pasi, na kwenye mashindano wakaanza kuliona tunda lake.

Niseme pia kuhusu sisi wanawake. Nimewahi kufika kwenye uwanja wa mji mwingine, nina miaka minne ya mchezo, na kabla sijashuka kwenye baiskeli nikaelekezwa kwenye mechi ya wanaoanza. Hawakuwa wameniona nikipiga mpira. Waliona mwanamke. Kwa hiyo ukigawa saa kwa viwango, ulizia kiwango, usikikisie kwa macho. Sisi tunamwuliza kila mgeni swali moja: unaweza kwenda na fimbo mkononi, ukageuka pande zote mbili bila kushusha mguu? Yeye mwenyewe anajibu, yeye mwenyewe anachagua saa.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi tumeiona kwa hesabu: watu wanahama, wanazaa, wanaumia magoti, na bila watu sita hakuna mechi. Kati ya sita waliocheza saa ya kasi wiki iliyopita, watatu walianza kwenye saa ya kwanza.

Ndugu yangu hapo nyuma aliuliza kabla sijaanza: na mkiwa saba tu, mvua inanyesha? Tukiwa saba hatugawi chochote. Tunarusha fimbo, wa saba anashika saa, na baada ya kila magoli matano anaingia na mwingine anatoka.

Na aliyeuliza nani anapuliza filimbi saa moja ikigonga: mwanzoni nilipuliza mimi, na kila wiki mzoefu mmoja alinifuata kuomba tuanze mapema dakika tano, tena kwa heshima, "dada, wamechoka hao." Nilimkubalia mara mbili. Mara ya tatu nikaitoa filimbi shingoni na kuwapa wanaoanza wenyewe. Iko kwao mpaka leo, wanapokezana, na hakuna aliyepuliza kabla ya saa moja.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Baiskeli za klabu ziko nne, kofia ngumu zipo. Jumatano, saa kumi na mbili.