Paka Mnene na Bakuli Lake

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nashukuru mmeacha shughuli za Jumamosi mkaja kuzungumza habari za paka.

Nitaanza na paka mmoja, mwenyewe nisimtaje. Dume aliyehasiwa, miaka saba, anaishi ghorofa ya tatu hapa hapa Mombasa, madirisha yana nyavu, nje hatoki. Kilo 6.8. Jirani alimwambia mwenyewe kwamba paka amekuwa kama mto wa kulalia, naye akaona haya, akaamua kumfungisha. Siku ya kwanza maji matupu, ya pili maji matupu. Siku ya tatu akamtilia chakula, paka akakigeuzia uso. Nilipoletewa siku ya tano, ufizi na ngozi ya ndani ya masikio vilikuwa vya manjano kama bizari.

Nawaomba hili likae vichwani kabla ya mengine yote: paka mnene hashindishwi njaa. Akikosa chakula, mafuta ya mwilini humiminika kwenye ini kwa wingi ambao ini haliwezi kuumudu. Seli zinajaa mafuta, ini linalemewa, na akifika hapo hamu ya kula inamtoka kabisa, kwa hiyo hali inazidi. Siku mbili tatu tu za kutokula zaweza kuanzisha balaa hilo, na unene wenyewe ndio unaoongeza hatari. Yule tulimlisha kwa mrija wiki kadhaa, akapona. Wapo niliowazika.

Sasa, paka huyu alineneaje? Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na paka Mji wa Kale, na sikumbuki hata mmoja aliyekuwa na kitambi. Lakini paka wa bibi alishinda juu ya mapaa, akikamata panya na kugombea matumbo ya samaki sokoni. Alichopewa nyumbani kilikuwa nyongeza. Paka wako wa ghorofani hana panya wala paa. Amehasiwa, na ni vizuri amehasiwa, ila baada ya hapo mwili wake unahitaji chakula kidogo zaidi huku hamu ya kula ikiongezeka. Na bakuli la punje kavu, kile chakula cha paketi, limejaa kutwa kucha.

Mnaijua hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Mimi huisoma hadithi ile kila nikimwona paka wa ndani. Ukishamfungia mlango, kila tonge linaloingia kinywani mwake ni wewe uliyelichagua.

Basi tuchagueni kwa kumjua mnyama mwenyewe. Paka ni mla nyama hasa, kuliko hata mbwa. Mate yake hayana kimeng'enya cha kuvunja wanga. Ulimi wake hauonji utamu. Ukimwona analamba keki, anafuata mafuta. Anahitaji taurini, kirutubisho ambacho mwili wake hauwezi kukitengeneza cha kutosha, nacho hupatikana kwenye nyama na samaki. Mwaka 1987 watafiti wa California walionyesha kwamba paka waliokuwa na moyo uliotanuka na kulegea walikuwa na upungufu wa taurini, na wengi walipopewa, mioyo ikarudi kufanya kazi. Baadhi yao walikuwa wakila vyakula vya kununua, vya heshima kabisa, na watengenezaji wakalazimika kuongeza taurini.

Kwa hiyo ugali wa dagaa tunaowapa ni ugali zaidi kuliko dagaa, na dagaa wetu wa pwani wamechemshwa kwa chumvi. Mchuzi ndio mbaya zaidi, maana kitunguu maji na saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, hata vikiwa vimepikwa. Maziwa? Paka wengi wakubwa huwaharisha, na ni kalori za bure.

Tuje kwenye paketi, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea. Geuza nyuma. Utakuta protini, mafuta, nyuzinyuzi, majivu, yaani madini, na maji, vyote kwa asilimia. Wanga mara nyingi hauandikwi. Jumlisha vilivyoandikwa, toa kwenye 100, kinachobaki ni wanga. Hii niliyonayo ya punje kavu ina protini 30, mafuta 12, nyuzinyuzi 4, majivu 7, maji 10. Jumla 63. Kumbe 37 ni wanga, zaidi ya theluthi! Hiki cha kopo kina protini 10, na mtu atasema mbona kidogo. Lakini asilimia 80 ni maji. Ondoa maji: katika 20 iliyobaki, 10 ni protini, yaani nusu nzima. Ndiyo maana kwa paka mnene napendelea chakula cha majimaji. Anashiba kwa ujazo, anapata maji, na kalori ni chache. Najua bei ya kopo. Asiyeweza, achanganye, au abaki na punje kavu zenye protini nyingi, mradi azipime kwa mizani ya jikoni. Kikombe hudanganya.

Apime kiasi gani? Yule wa kilo 6.8 alistahili kuwa na kama 4.5. Tulikadiria kalori 173 kwa siku, tukihesabu kwa uzito anaotakiwa kuwa nao, si alionao. Kwa punje zenye kalori 380 katika gramu 100, hizo ni gramu 45 tu. Ukizimwaga kiganjani utalia. Kwa chakula cha kopo chenye kalori 80, ni zaidi ya gramu 200, milo minne midogo. Paka wako ana hesabu yake, na daktari aifanye akishampima damu, kwa sababu kisukari hupenda paka wanene.

Mbadilishie chakula pole pole, siku saba hadi kumi, kipya kikiongezeka na cha zamani kikipungua. Akisusa siku nzima, rudi nyuma, na umpigie daktari. Apungue asilimia moja ya uzito kwa wiki, au chini ya hapo. Kwa yule ilikuwa gramu 68 wiki ya kwanza, na safari nzima ilichukua karibu mwaka.

Asiye na mizani atumie mkono. Nyosheni kiganja chini, mpapase mgongo wa mkono: mbavu za paka mwenye afya huhisika hivyo. Sasa geuzeni, mpapase kiganja. Mbavu zikijificha hivi, ni mnene.

Mama pale nyuma ameuliza habari ya samaki tupu. Kibua aliyechemshwa bila chumvi, mara moja moja, sawa. Samaki peke yake kila siku, hapana. Wa mafuta wakizidi huleta ugonjwa wa mafuta ya mwili kuvimba, na baadhi ya samaki wakiwa wabichi huharibu vitamini B1. Ini nalo kidogo tu, kwani vitamini A ikizidi hugandisha mifupa ya shingo.

Na kaka hapa ana paka wawili, mmoja mnene, mmoja mwembamba, sahani moja. Watenganishe wakati wa kula, na baada ya dakika ishirini uondoe kilichobaki. Au sahani ya mwembamba iweke juu ya kabati, mnene hawezi kuruka hadi huko. Siku utakapomkuta yuko juu anakula, mpime, kisha uhamishe sahani.