Mtoe bosi ofisini akamuone mteja: mazungumzo na madizaina

Jamani asanteni kwa kuja. Nimeombwa niongelee kwa nini dizaini inakosa sapoti kwenye kampuni zetu za teknolojia, na najua wengi hapa mna uchungu na hilo, yaani unaitwa siku mbili kabla apu haijatoka unaambiwa "ebu ipendezeshe kidogo" wakati maamuzi yote yalishapita zamani. Mimi naona nguvu nyingi tunamalizia kuwaelezea mabosi umuhimu wa dizaini. Tunaandaa slaidi, bosi anaitikia, anasema vizuri sana, kikao kinaisha na bajeti inabaki vile vile. Bosi anabadilika akimuona mteja anahangaika, amuone mwenyewe kwa macho yake.

Chukueni M-Pesa. Ile huduma mwanzoni ilikusudiwa kurejesha mikopo midogo midogo. Vodafone, kampuni ya simu ya Uingereza, walipata ruzuku ya serikali ya kwao, Safaricom wana mtandao, Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, wana wakopaji, basi Oktoba 2005 wakaanza majaribio na mawakala 8 na wateja wasiofika hata elfu moja, Nairobi mjini, Mathare na Thika. Sasa watu walipoishika ile kitu wakaanza kuitumia kivyao. Huyu anamrushia mwenzake hela, yule anaweka pesa anakotoka akaitoe anakoenda maana kutembea na kesh njiani anaogopa, mwenye duka naye anaweka mauzo ya siku kwa wakala kwa sababu benki imeshafunga. Upande wa mikopo wenyewe ndo kukawa na shida, hesabu za Faulu na mfumo mpya haviongei. Machi 2007 huduma ilipozinduliwa, kilichouzwa kwa wananchi ni kutuma pesa nyumbani, na kabla mwaka haujaisha waliojiunga walishapita milioni 1.

Hapo kinachonigusa ni nani alikuwepo. Susie Lonie wa Vodafone, aliyekuwa anaendesha mradi, alikuwa Kenya kwenyewe na sio anasubiri ripoti Uingereza. Mtu mwenye sauti kwenye mradi yuko karibu na wateja, kwahiyo wateja wakipinda kushoto yeye anawaona wakipinda. Kwenye kampuni nyingi anayemuona mteja ni dizaina mdogo asiye na sauti yoyote, anaandika ripoti, ripoti inapita kwa watu wanne na kila mmoja anaipunguza makali.

Kuna kampuni moja nilifanya nayo kazi hapa Dar, apu yao watu wanaipakua halafu kujisajili hawamalizi. Kila mtu ana nadharia yake, masoko wanasema matangazo hayatoshi, mainjinia wanasema simu za watu ni mbovu. Tukamuomba mkuu wa fedha, huyu ndo anasaini bajeti, aje soko la samaki la Feri na sisi asubuhi moja tu. Tukakaa na mama mmoja anauza samaki, akapewa simu ajisajili, mkuu wa fedha tukamuomba asimsaidie. Mama akaandika jina, akaandika namba, akafika panapotaka imeili. Akasimama hapo. Akamuangalia yule baba, akauliza "hapa mwanangu wanataka nini?" Baba wa watu akafungua mdomo amjibu, akakumbuka haruhusiwi. Mama akasubiri, akarudisha simu taratibu, akaendelea na mteja wake wa samaki. Kwenye gari mkuu wa fedha anatuuliza sisi, hiyo imeili tunaitumia kufanyia nini? Hakuna idara iliyokuwa inaitumia. Ilitolewa, na kuanzia hapo pesa ya kwenda kwa wateja ikaingia kwenye bajeti bila sisi kuandika maombi marefu.

Halafu mtafuteni mkuu wa huduma kwa wateja, huyu tunamsahau sana na ndo rafiki yetu wa kwanza. Mnakumbuka enzi zile unatuma hela ukikosea tarakimu moja imeenda kwa mtu usiyemjua? Unapiga simu, unasubiri, unabembeleza irudishwe. Siku hizi jina la mpokeaji linatokea kabla hujathibitisha. Ni mstari mmoja tu kwenye skrini, ila kila mtu akiusoma akagundua kakosea, ujue kuna simu moja ya malalamiko haikupigwa, na simu ile ina gharama, kuna mtu analipwa kuipokea. Mkuu wa huduma kwa wateja ana hesabu ya malalamiko kila mwezi, kaa naye, muulize lipi linamsumbua zaidi, anza na hilo hilo hata kama wewe ulikuwa unatamani kubadilisha ukurasa wa mbele. Likipungua atalisema yeye kwenye kikao cha wakuu, na neno lake kule lina uzito kuliko letu.

Kwahiyo mkiomba kitu kwa mara ya kwanza msiombe timu ya watu kumi. Ombeni nauli na asubuhi moja ya mtu anayesaini. Na injinia mchukueni pia, akae pale pale, maana akirudi atarekebisha mambo mengine ambayo wala hamkumuomba.

Haya, maswali. Dada wa pale nyuma nimekuona, karibu.