Macho Kulia, Mpira Kushoto

Mambo vipi wapendwa! Leo hamnioni na koti la baridi. Nipo Dar, Tandika, nyumbani kwa mama, kwenye uwanja wetu uleule wa vumbi. Honi za bodaboda mzizoee tu.

Wengi mmeniulizia ile pasi ya danganya toto, unaangalia huku mpira unaupeleka kule. Mnadhani siri yake ni macho. Hata mimi nilidhani hivyo. Mechi yangu ya kwanza na kina dada wa mtaani kule Gothenburg, Sweden, niligeuza shingo kwa mbwembwe, nikaachia pasi, ikatua mguuni kwa mpinzani. Goli. Kocha hakunifokea, aliniuliza tu nilikuwa nampasia nani. Jibu sina!

Na mnaouliza kuhusu Aisha Masaka, mshambuliaji wetu wa Tanzania: ndiyo, alichezea klabu ya Häcken ya hukohuko Gothenburg kabla ya kwenda Brighton ya Uingereza mwaka 2024. Kujuana hatujuani, mimi nilikuwa wa jukwaani na chai yangu.

Shangazi, shusha simu waone miguu. Mpira haujanifikia bado, natupa jicho: mwenzangu yupo kushoto. Kuangalia kunaishia hapo. Ukifika, kidevu, bega, mpaka ncha ya mguu wa kusimamia, vyote vinaelekea kulia. Beki mzuri hahangaiki na macho yako, anasoma kiuno. Akishaegemea upande ule, kwisha habari yake: kifundo kinageuka mwishoni kabisa, upande wa ndani wa kiatu unausukuma mpira kushoto. Mguu usiurudishe nyuma, utajiuza mwenyewe. Ndiyo maana pasi hii haina nguvu, mita 10 hivi inatosha. Na mbele ya goli lenu, jamani, msithubutu.

Kilichonichekesha ni kwamba tuliyajua haya kwenye rede, ule mchezo wetu wa utotoni wa kurushiana mpira. Yule wa kati anajaza mchanga kwenye chupa huku anakwepa, na hakutazami usoni, anatazama bega lako. Basi napandisha bega kama narusha, anaruka, namsubiri atue ndipo nampiga. Darasa la tatu hilo! Halafu nikaenda kufundishwa upya Ulaya, miezi minne, eti kwa kuwa sasa ni mguu.

Haya shangazi, egesha simu kwenye tofali, uje wewe na mwenzio. Mimi beki. Njoo... njoo... Ala! Nimekwenda kulia mzimamzima. Rudia, hiyo sikuwa tayari.