Kibanio Anataka Kusema: Tengeneza Katuni ya Vitu vya Nyumbani kwa Simu Yako

Karibuni watazamaji. Leo tunatengeneza kipindi cha kwanza cha katuni ya watoto ambayo wahusika wake wote ni vitu vya nyumbani: kibanio cha nguo, soksi, kikombe. Hatuchori chochote. Tunakiweka kitu mezani, tunakipiga picha, tunakisogeza kidogo, tunapiga tena. Picha zikipitishwa haraka, kitu kinaonekana kinatembea chenyewe. Mbinu hii ina zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1907, huko Marekani, J. Stuart Blackton aliitumia kuonyesha kisu kikikata mkate bila mkono wa mtu. Kwa kazi ile ile, leo simu yako inatosha.

Vifaa tuvipitie haraka. Unahitaji simu, stendi ya kuishikilia isitikisike, taa ya mezani, meza isiyoyumba, na programu ya kuunganisha picha. Mimi natumia Stop Motion Studio, lakini yoyote inayokuonyesha kivuli cha picha iliyopita juu ya picha unayotaka kupiga itakufaa. Kivuli hicho ni muhimu sana, maana ndicho kinachokuonyesha umesogeza kitu kiasi gani.

Haya, sasa kazi yenyewe. Hatua ya kwanza ni kumpata mhusika, na hapa naomba tukae kidogo.

Wengi wakianza hukimbilia kubandika macho ya plastiki. Kijiko kinapewa macho, kikombe kinapewa macho, na kazi inahesabiwa imekwisha. Usianzie huko. Mwaka 1986 kampuni ya Pixar ilitoa filamu fupi iitwayo Luxo Jr., yenye taa mbili za mezani, moja kubwa na moja ndogo. Hazina macho, hazina mdomo, hazisemi neno, na bado mtoto anaelewa mara moja nani ni mzazi na nani ni mtoto. Anaelewa kwa jinsi zinavyoinama, zinavyoruka na zinavyotulia. Uhai wa kitu uko kwenye mwendo wake, na mwendo wake unatokana na kazi yake.

Tazama hapa. Nakileta kibanio karibu na kamera. Ni vipande viwili vya mbao na springi katikati. Nikibonyeza mkia, mdomo unafunguka. Nikiachia, unajifunga wenyewe. Kazi yake ni kushika, na anashikia mdomo. Maana yake, akiwa kazini hawezi kusema. Akifungua mdomo tu, nguo imeanguka. Unaona? Hatujabuni kitu bado, lakini tayari tuna mhusika mwenye jambo linalomsumbua, na limetoka kwenye springi na mbao.

Jaribu na vitu vingine vilivyo karibu nawe. Kifutio hupungua kila anapomsaidia mtu. Rula anajua urefu wa kila kitu, ila akikutana na kitu kilichopinda anachanganyikiwa. Mswaki huamka kabla ya wote na hulala baada ya wote. Kwa kila kitu jiulize anafanya kazi gani, na kazi hiyo inamnyima nini. Ukiona maneno ya mhusika wako yanaweza kusemwa na kitu kingine chochote bila kubadilika, hujampata bado. Rudi ukishike kitu chenyewe mkononi.

Kuna vitu ambavyo mimi siviweki kabisa kwenye katuni ya watoto wadogo: kisu, kiberiti, soketi ya umeme, chupa ya dawa, chupa ya sabuni kali, mfuko wa plastiki. Mtoto wa miaka mitatu akishampenda mhusika atamtafuta nyumbani, atamshika, atalala naye kitandani. Tunamtengenezea rafiki, kwa hiyo rafiki huyo awe kitu ambacho mtoto anaweza kukishika bila kuumia.

Hatua ya pili: andika sheria za dunia yenu. Karatasi moja inatosha. Je, vitu vinatembea hata watu wakiwepo, au watu wakitoka tu? Vinaumwa? Vinalala? Na hili msilikwepe: kikombe kikivunjika, inakuwaje? Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliandika katika miaka ya 1920 jinsi watoto wadogo wanavyoviona vitu kuwa na uhai na nia. Mtazamaji wako hajifanyi anaamini, anaamini kweli. Kwa hiyo kikombe kikipasuka kipindi cha nne, halafu kipindi cha tano hakuna anayemtaja, umemwacha mtoto peke yake na swali zito. Amua mapema. Pengine katika dunia yenu kikombe chenye ufa huendelea na maisha, akipewa kazi mpya ya kubeba penseli. Mimi napenda hilo, lakini chagua lako na ulishike mpaka mwisho wa mfululizo.

Hatua ya tatu, hadithi. Kwa kipindi cha kwanza usizidishe nusu dakika, na hesabu ndiyo itakayokwambia kwa nini. Sinema hutumia picha 24 kwa sekunde, lakini katika kazi kama hii kila picha inaweza kuonekana mara mbili, hivyo tunapiga 12 kwa sekunde. Nusu dakika ni picha 360. Dakika tano ni picha 3,600, na huo si mwanzo mzuri kwa mtu yeyote.

Hadithi yetu ni hii. Kibanio amemshika Soksi kwenye kamba. Soksi ameloa. Chini yao yuko Kikombe, anayependa kusalimia. Kikombe anasema, "Hujambo, Kibanio?" Kimya. Anarudia kwa sauti zaidi, "Hujambo, Kibanio?" Kimya tena. Kibanio anatetemeka, anataka kujibu, hawezi. Kikombe anageuka: "Kumbe anaringa!" Anaanza kuondoka. Upepo unavuma. Soksi anakauka, anasema, "Asante, sasa niachie." Kibanio anafungua mdomo, Soksi anaanguka taratibu, na kwa mara ya kwanza tunaisikia sauti ya Kibanio, kubwa kuliko tulivyotegemea: "SIJAMBO!" Kikombe anasimama.

Basi. Chora visanduku sita kwenye karatasi, kila kimoja tukio moja, hata kwa vijiti na duara. Usipige picha kabla ya kuchora, maana ukiwa katikati ya picha ya mia mbili hutakumbuka Kikombe alikuwa anaelekea upande gani.

Hatua ya nne: rekodi sauti kwanza, picha baadaye. Watu hufanya kinyume kisha wanashangaa maneno hayaendani na mwendo. Ingia chumba chenye nguo na mapazia mengi, vitambaa hupunguza mwangwi. Mpe mtoto sehemu ya Kikombe kama unaye. Salamu ya mtoto haiigiziki. Ukimaliza, sikiliza na uhesabu. Kama "Hujambo, Kibanio?" imechukua sekunde moja na robo, hiyo ni picha 15. Andika 15 pembeni ya kisanduku chake. Fanya hivyo kwa kila sentensi na kila kimya. Kimya nacho kina urefu.

Sauti nyingine zichukue kwenye vitu vyenyewe. Mlio wa springi ya kibanio ukirekodiwa karibu kabisa na kipaza sauti ni kama mtu anayekaza meno. Usiutafute intaneti, unao mkononi.

Hatua ya tano, mwanga na kamera. Funga pazia. Jua husogea na mawingu hupita, na kila badiliko litaonekana kama video inapepesa. Tumia taa tu. Kisha zuia simu isibadilishe mwanga na fokasi yenyewe: kwenye simu nyingi unagusa mahali pa mhusika na kushikilia kidole mpaka ionyeshe imefunga. Weka simu kwenye hali ya ndege isije ikapigwa katikati ya kazi, na iache kwenye chaji. Vaa nguo ya rangi nzito, kwa sababu nguo nyeupe hurudisha mwanga mezani kila unapoinama. Kama una spika za masikioni za waya, kitufe chake cha sauti hupiga picha kwenye simu nyingi, na hapo hutagusa simu kabisa.

Sasa hatua ya sita, kusogeza. Hapa ndipo kitu kinapata uhai au kinakosa, kwa hiyo twende polepole.

Tunaanza na Kikombe anayetembea kutoka kushoto kwenda katikati. Ukimsogeza sentimita moja kila picha, atateleza kama amewekwa kwenye reli. Hakuna chenye uhai kinachoanza na kusimama hivyo. Fanya hivi: picha mbili za kwanza mrudishe nyuma kidogo, milimita mbili tu, kama mtu anayejikusanya kabla ya kuruka. Halafu mbele milimita mbili, tano, kumi, kumi, kumi, tano, mbili. Asimame. Umeona? Mwanzo hatua ndogo, katikati kubwa, mwisho ndogo tena. Kila mara anaposogea mwinamishe upande mmoja, kisha upande wa pili, kwa kuweka donge dogo la udongo wa kuchezea chini yake upande usioonekana na kamera.

Uzito nao uonekane. Kikombe cha udongo kizito kinahitaji picha nyingi kuanza na nyingi kusimama. Kibanio ni mwepesi, anaanza ghafla. Ukimtembeza Kikombe kwa wepesi wa Kibanio, mtoto ataona kikombe cha plastiki hata kama ni cha udongo.

Tuje kwa Kibanio anayetaka kujibu. Tukio hili ndilo moyo wa kipindi, na mhusika hatoki mahali pake. Kata vipande vidogo vya karatasi ngumu. Kipande kimoja kikiingia nyuma ya mdomo, mahali kamera haioni, mdomo unafunguka kiasi cha uzi. Piga picha. Ongeza cha pili, piga. Soksi anaanza kuteleza kidogo sana; mshushe milimita moja. Sasa toa vipande vyote viwili kwa mkupuo mmoja: mdomo umefunga. Piga. Kisha usiguse kitu chochote kwa picha nane. Nane kamili, hata mkono ukikuwasha. Ndani ya picha hizo mtazamaji anaona Kibanio amewaza, ameogopa, ameamua. Bila kutulia huko, mdomo utaonekana umefunguka na kufunga kama mlango wenye upepo, wala hakuna atakayejua kuna mtu ndani.

Rudia mara ya pili, lakini safari hii mdomo ufunguke zaidi kidogo na utulivu uwe mrefu zaidi, picha 12. Usiwe sawa na wa kwanza. Anazidi kutamani.

Na Kikombe anapogeuka kwa hasira, mkono wa kikombe utangulie. Mzungushe mpaka mkono uelekee upande mwingine, subiri picha tatu, ndipo mwili uanze kuondoka. Viumbe hai hutazama kabla ya kwenda.

Kuanguka kwa Soksi kunataka akili kidogo. Kitu kizito kikiachiwa kutoka kimo cha mita moja hufika chini kabla ya nusu sekunde kwisha, yaani picha tano hivi, na nafasi kati ya picha moja na inayofuata huzidi kukua. Soksi kavu hupeperuka, kwa hiyo mpe picha 14 na umyumbishe kushoto na kulia. Mtundike kwa uzi mwembamba wa rangi ya ukuta ulio nyuma yake. Uzi ukionekana, usiache uharibu kipindi: onyesha Soksi anaachiwa, kisha onyesha Kikombe akitazama juu, kisha Soksi yuko mezani na mlio mdogo wa kitambaa. Mtoto ataona kuanguka ambako hukupiga.

Hatua ya saba ni kuunganisha, na haichukui muda kama hatua zilizotangulia zilikwenda vizuri. Weka mwendo wa picha 12 kwa sekunde, lete sauti, hakikisha kila neno limeanzia kwenye picha uliyoandika. "SIJAMBO!" iwe picha moja baada ya mdomo kufunguka, si kabla. Muziki ukiuweka, uukate kabisa hapo.

Kabla ya kumwonyesha mtu yeyote kipindi kamili, zima sauti na umwite mtoto mmoja. Acha aangalie mara moja, kisha muulize: "Kibanio alikuwa anataka nini?" Akisema "alitaka kusema", kipindi chako kimesimama na sauti itakiongezea tu. Akisema "sijui" au "alikuwa anashika soksi", usibadilishe maneno. Rudi kwenye zile picha nane za utulivu, ziwe kumi, ziwe kumi na mbili, na umwonyeshe mtoto mwingine ambaye hajaiona.

Ukimaliza, usibomoe meza bado. Weka alama kwa utepe wa karatasi wenye gundi mahali pa stendi, pa taa na pa kamba, upige picha ya jumla, kwa sababu kipindi cha pili kinaanzia hapo hapo: Kikombe anadaiwa msamaha, na Soksi bado hajui mwenzake yuko wapi.